Rabai: Kijiji cha Kilimani na Pwani Yake

Asubuhi kusipokuwa na mawingu, mtu aliyesimama mahali pa juu katika Arusha huuona mlima wa Kilimanjaro upande wa mashariki, nao kileleni una theluji. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumezoea kuuona, wala hatushangai. Lakini mwaka 1849 habari ya theluji hiyo ilipofika Ulaya, baadhi ya wataalamu waliikataa. Walisema haiwezekani theluji ikae katika nchi ya jua kali kama Afrika.

Habari ile ilitoka wapi? Ilitoka katika kijiji kimoja kilichoko juu ya kilima, karibu na pwani ya Mombasa. Kijiji hicho ni Rabai. Katika somo hili tutakwenda kukitazama. Kwanza tutapanda kilima, kisha tutashuka pwani. Njiani tutachukua swali moja ambalo mwanafunzi wangu aliniuliza tulipofika huko pamoja. Alitazama chini, akaona maji ya bahari yaking'aa kwa mbali, akasema, "Mwalimu, mbona watu hawa walipanda kukaa huku juu, na bahari ile pale, yenye samaki na biashara?" Sikumjibu pale pale. Nilimwambia angoje mpaka tuwe tumeona yote.

Mtu atokaye Arusha hupita Moshi na Himo, akafika mpakani Holili. Hapo hati za safari hukaguliwa, kisha huingia Taveta katika nchi ya Kenya. Kutoka Taveta njia huelekea mashariki mpaka Voi, na hapo huungana na barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Baada ya Voi ni nyika ya Taru. Nchi hii ni kavu, ina miti ya miiba na vumbi jekundu. Misafara ya zamani iliiogopa sana kwa sababu ya kiu, maana maji yalikuwa ya shida na mizigo ilikuwa mizito. Siku hizi msafiri huipita ameketi katika basi, pengine amelala usingizi.

Kisha mambo hugeuka. Minazi ya kwanza huonekana, hewa huwa na unyevu, na vilima vidogo vya kijani hujitokeza. Hapo ndipo Mazeras. Msafiri huiacha barabara kuu na kushika njia iendayo kaskazini, na baada ya mwendo mfupi huwa amefika Rabai. Kutoka hapo mpaka kisiwa cha Mombasa ni yapata kilomita 20.

Mtoto wa Meru akiviona vilima vya Rabai mara ya kwanza huenda akacheka. Mlima wetu unapita mita 4,500, na vilima hivi havifiki hata mita 400. Lakini kilima hakipimwi kwa urefu wake tu, hupimwa pia kwa mahali kilipo. Aliyesimama juu ya Rabai huona nyika nyuma yake, na mbele yake huona minazi, mikono ya bahari inayoingia katika nchi, na Mombasa kwa mbali. Mtu yeyote anayekuja, akitoka bara au akitoka baharini, huonekana kabla hajafika.

Wenyeji wa Rabai ni kabila mojawapo la Mijikenda. Kenda ni neno la zamani la tisa, basi Mijikenda maana yake ni miji tisa. Makabila hayo ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Wazee wao husimulia kwamba asili yao ni Singwaya, nchi iliyoko upande wa kaskazini, na kwamba waliondoka huko kwa kusumbuliwa na maadui. Walipofika nyuma ya Mombasa hawakujenga ufukoni. Walitafuta vilima vyenye msitu mnene, na ndani ya msitu wakajenga miji yao. Mji wa namna hiyo uliitwa kaya. Njia ya kuingia ilikuwa nyembamba, nayo ilipita katika malango. Msitu wenyewe ndio uliokuwa ukuta.

Sasa fikirini: ikiwa msitu ni ukuta wa mji, je, mtu mwenye shoka aachwe akate apendavyo? La. Kwa hiyo iliwekwa miiko mikali. Ilikatazwa kukata miti ya kaya, na baadhi ya mahali palikuwa hapaingiwi ila na wazee. Baadaye nchi ilipokuwa na amani zaidi, watu walitoka katika kaya wakajenga mashambani, lakini wazee waliendelea kuulinda msitu na makaburi yaliyomo. Ndiyo sababu leo, mahali ambapo miti mingi ya pwani imekwisha kukatwa, misitu ya kaya ingali imesimama. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiandika misitu kadhaa ya kaya za Mijikenda, pamoja na ya Rabai, katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni anayetaka kuingia sharti aombe ruhusa kwa wazee na kufuatana na mwenyeji. Asivunje hata kijiti, wala asichukue kitu chochote kuwa ukumbusho.

Jambo hili la kukaa kilimani si la Rabai peke yake. Katika nchi ya Italia, ng'ambo ya bahari ya Kati, viko vijiji vingi vya kale vilivyojengwa juu ya vilima, na bahari iko chini yake. Nyumba zake ni za mawe, zimesongamana, na vichochoro vyake ni vyembamba. Watu wa huko walipanda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwakimbia wanyang'anyi waliokuja kwa merikebu. Ya pili ni homa. Waliona kwamba wanaokaa mabondeni penye madimbwi huugua sana, nao wakadhani ni kwa ajili ya hewa mbaya itokayo katika matope. Kwa lugha yao hewa mbaya ni mal'aria, na jina hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo. Hatimaye, mwaka 1898, mtaalamu wa Italia aliyeitwa Giovanni Battista Grassi pamoja na wenzake walionyesha kwamba homa hiyo huletwa kwa watu na mbu wa aina ya anofelesi. Basi watu wa kale walipata dawa iliyo kweli, yaani kukaa mbali na madimbwi, ijapokuwa sababu waliyoitaja haikuwa kweli.

Homa hiyohiyo ndiyo iliyomsukuma mgeni mmoja kupanda Rabai. Mwaka 1844 Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyetumwa na chama cha Kiingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka uleule Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akafa pia. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibaki peke yake, naye mgonjwa. Hakurudi kwao. Alijifunza Kiswahili, akaanza kukiandika, na akatafuta mahali penye hewa nzuri zaidi. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai waliwapokea wageni hao wawili, na mwezi wa Agosti wakapanda kilimani kukaa.

Kutoka kilima hicho ndipo Rebmann alipoanza safari yake ya kwenda Uchaga mwezi wa Aprili mwaka 1848. Kiongozi wa msafara aliitwa Bwana Kheri, mtu aliyeijua vema njia ya bara. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu, akadhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake, naye akajibu kwamba ni baridi. Neno la theluji hakuwa nalo, maana pwani hakuna theluji; lakini tabia ya kitu kile aliijua. Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya theluji akatambua mara moja. Habari ilipochapishwa, Mwingereza aliyeitwa William Desborough Cooley aliikataa kwa maandishi makali, naye hakuwa amefika Afrika. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima, akathibitisha maneno ya Rebmann. Hapa mna funzo kwa kila msomaji: Bwana Kheri, ambaye hakuandika kitabu, alijua jambo ambalo mwandishi wa vitabu hakulijua.

Rebmann alikaa katika nchi hiyo miaka 29, mpaka 1875, hata macho yake yakapofuka. Krapf naye alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Mgeni afikapo Rabai leo huonyeshwa nyumba walizokaa na kanisa la kale, ambalo sasa limefanywa nyumba ya makumbusho.

Sasa na tushuke pwani. Mombasa ni mji wa kale sana, wenye misikiti, vichochoro, na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Ukingoni mwa Mji wa Kale iko ngome kubwa iitwayo Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini aliyechora ramani yake hakuwa Mreno. Alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mtu wa mji wa Milano. Kwa hiyo elimu ya watu wa Italia ya kujenga kuta za kujilinda ilifika mpaka pwani yetu. Kuta zake ni nene, nazo zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Mtu akiitazama ramani ya ngome hiyo huona mfano wa mwili wa mtu aliyenyosha mikono na miguu.

Ngome hiyo ilipiganiwa mara nyingi. Mwezi wa Machi mwaka 1696 jeshi la Waarabu wa Omani liliizingira, na mazingira hayo yaliendelea mpaka Desemba mwaka 1698. Ndani yake watu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Hatimaye Waomani waliitwaa. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, ngome ilifanywa gereza tangu 1895 mpaka 1958. Leo ni nyumba ya makumbusho, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia kama misitu ya kaya.

Pwani imetupa mambo mengi mema. Imetupa lugha hii tunayoisoma, na mashairi, na vyakula vya nazi, na biashara na nchi za mbali. Lakini katika karne ya 19 pwani hiyohiyo ilikuwa mahali pa machozi. Watu wengi waliokamatwa bara waliletwa huko, wakauzwa, wakalimishwa mashamba au wakasafirishwa kwa majahazi. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Watumwa waliookolewa katika majahazi walihitaji mahali pa kukaa, na mwaka 1875 kijiji chao kilianzishwa bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Kiliitwa Frere Town. Hapo palitundikwa kengele, ipigwe kuwaonya watu wakati wa hatari. Kengele hiyo ingali ipo kando ya njia, na mahali hapo huitwa Kengeleni.

Lakini mkataba ulihusu bahari. Aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa, na sheria ilikuwa upande wa bwana wake. Afanye nini? Wengine walitoroka usiku. Na mtu atorokaye ufukoni hutazama wapi? Hutazama juu.

Neno mtoro mnalijua. Shuleni mtoro ni mtoto anayeacha masomo na kujificha, naye hustahili kuonywa. Lakini pwani katika siku hizo mtoro alikuwa mtumwa aliyekimbia apate uhuru wake. Watoro wengi walipanda Rabai, wakajenga vibanda na kulima. Miongoni mwa viongozi wa Rabai alikuwako mtu aliyewafahamu vema, William Jones. Yeye mwenyewe aliuzwa alipokuwa mtoto. Aliokolewa baharini, akapelekwa Bara Hindi, akafunzwa kazi ya uhunzi na masomo, kisha akaja Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kwenda Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki, safari ya mamia ya kilomita, mpaka Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886.

Watoro walipozidi kuwa wengi, mabwana wa pwani walikasirika. Mwaka 1888 walidai watu wao warudishwe, na vita vilikuwa karibu kutokea. Wamisionari wenyewe hawakuwa na shauri moja. Wengine waliona kwamba sheria ya nchi lazima ifuatwe. Wengine waliuliza, mtu aliyekwisha kulima shamba lake na kuoa na kuzaa watoto hapa, tutamfunga kamba na kumrudisha vipi? Fikirini hali ya mama aliyekuwa akitwanga mahindi kilimani siku zile, naye akisikia kwamba habari yake inashauriwa na watu wasiomjua jina.

Mwisho wake, George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kazi Mombasa, alipatana na mabwana hao. Kwa kila mtoro zililipwa riale 25, na yeye akapewa hati ya uhuru. Tarehe 1 Januari mwaka 1889 hati hizo zilitolewa Rabai. Jumla ya watu waliowekwa huru katika vituo vya misheni nyuma ya Mombasa walipata 1,400. Haki haikutimia yote siku ile. Aliyedhulumu ndiye aliyelipwa fedha, na aliyedhulumiwa hakulipwa kwa jasho lake. Tena wale waliokuwa bado mashambani walingoja sana, maana utumwa uliondolewa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo watu 1,400 walilala usiku ule bila hofu ya kukamatwa.

Basi tulipokuwa tukirudi, basi lilipokuwa likipita nyika ya Taru, nilimwita yule mwanafunzi, nikamjibu swali lake. Watu walipanda Rabai mara tatu, na kila mara waliacha kitu chini. Warabai waliacha nyuma maadui zao. Krapf aliacha homa na kaburi la mkewe. Watoro waliacha minyororo. Bahari ilikuwa na samaki na biashara, naam, lakini mtu hachagui makao kwa chakula tu. Huchagua pia mahali ambapo atalala akiwa na amani.

Mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe na bibi yetu alisema babu zake walikaa juu mlimani kwa sababu hiyohiyo." Alisema kweli. Katika milima yetu ya Meru na Kilimanjaro, watu walipenda kujenga katika migomba ya juu, penye maji na penye makorongo ya kuwazuia maadui. Wachaga hata walichimba mashimo marefu chini ya ardhi, wakajificha humo na ng'ombe wao wakati wa vita.

Basi ninyi msio na nauli ya kwenda Rabai msihuzunike. Mahali pa kale pako hata karibu nanyi. Mwendeeni mzee mmoja, msalimuni kwa adabu, mkamwulize mambo matatu: Hapa watu walikaa kwa kukimbia nini? Maji waliyateka wapi? Na ni nani anayepatunza sasa? Andikeni majibu yake na jina la mahali, kwa maana mzee hangoji. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kilimanjaro na kilima cha Rabai havikukutana kamwe, ila watu waliovikalia wamepelekeana habari tangu zamani.

Maswali

1. Kwa nini Warabai walikataza kukata miti ya kaya?
2. Bwana Kheri alisema nini juu ya kitu cheupe mlimani, na kwa nini hakutumia neno jingine?
3. Eleza maana mbili za neno mtoro.
4. Je, ilikuwa haki kumlipa bwana wa mtumwa? Toa sababu zako.
5. Taja mahali pa kale karibu na nyumbani kwenu, ueleze kwa nini watu walipachagua.